Ujane wa Dolatbai, Mcheza Karata

Dolatbai alizaliwa Tabora, nyuma ya duka la baba yake pale Kanyenye, na mpaka anapita miaka arobaini hakuwa amewahi kuishi mji mwingine. Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa. Akikasirika alitukana kwa Kinyamwezi, kwa sababu yaya aliyemlea alikuwa Mnyamwezi na hakujua matusi ya lugha nyingine. Riziki yake ilikuwa karata. Watu wengi mjini walilijua jambo hilo, lakini hakuna aliyelitaja mbele yake, na yeye mwenyewe hakulitaja.

Hakuanza kwa kupenda. Mumewe, Akbar, alikuwa mchuuzi wa vitambaa. Mwaka 1958 alipakia majora yake kwenye treni ya Kigoma, akasema anakwenda Usumbura, Burundi, kujaribu soko na atarudi baada ya mfungo. Barua zake zikaja mbili, kisha kimya. Dolatbai alingoja. Akauza cherehani, akauza bangili za mahari, akahamia chumba cha kupanga Isevya kwa Bi Zamda, mjane aliyeuza vitumbua asubuhi na kushona kofia mchana. Alikuwa amekwisha kuuza kila chenye bei wakati mke wa daktari mmoja wa reli alipomwita nyumbani kwake. Meza yao ya rami, mchezo wa karata, ilikuwa imepungukiwa na mtu, mwenzao alikuwa mgonjwa. Walicheza kwa senti. Jioni Dolatbai alirudi na pesa ya unga na mafuta ya taa. Juma la pili akaitwa tena, akaenda.

Hakuwahi kuiba mchezo. Hakuwa na haja. Kila karata iliyotupwa mezani aliikumbuka mpaka mchezo unaisha, na alijua nani hushika sikio akipata ree, nani huanza kuulizia chai akiwa na karata mbovu. Jambo moja alijifunza mapema: anayeshinda kila siku haalikwi tena. Kwa hiyo alipoteza pia, kwa kipimo chake, hasa nyumbani kwa watu wenye vyakula vizuri. Wazee wa jamaa yake walimwita mara moja kumwambia kwamba kamari ni haramu. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nani kati yao atampa posho ya kila mwezi. Hawakumwita tena, na harusini pia hawakumwita.

Wakati wa mavuno alipanda basi kwenda Igunga, kwa Parvin, mke wa mwenye malori. Huyu ndiye aliyekuwa mchezaji wa kweli kati yao wote. Dolatbai alikaa kwake siku kadhaa, wakicheza sebuleni huku malori yakipakiwa mpunga uani, na mara nyingine Parvin alimshinda sawasawa, bila kuachiwa. Walikuwa marafiki kwa namna hiyo. Sijui kama waliwahi kuzungumza jambo jingine.

Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha, Dolatbai hakunyang'anywa kitu, maana hakuwa na kitu. Lakini wenzake walianza kuondoka. Mke wa daktari alikwenda Goa. Wengine walikwenda Kanada, wengine Uingereza. Mumewe Parvin aliuza malori mwezi mmoja tu baada ya kusema hatauza, wakahamia mji wa Uingereza unaoitwa Lesta. Meza ya rami haihitaji watu wengi, lakini inahitaji watu wenye pesa ya kupoteza na mchana wa kupoteza, na Tabora ilikuwa imebaki na wachache wa namna hiyo. Wake za maofisa wapya walikuwa kazini. Waliobaki nyumbani walikuwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hachezi.

Dolatbai aliwasindikiza wote stesheni. Walilia wao, yeye hakulia hata mara moja. Bi Zamda alimwuliza kama ana moyo. Akajibu kwamba anao, ila umekufa ganzi tangu zamani, na kitu kilichokufa ganzi huuma wakati wa kuamka, kwa hiyo bora kiachwe.

Mwanzoni mwa mwaka 1972 Parvin aliandika kutoka Lesta. Alisema wapo wanawake sita, saba, wote wa huku, na Jumamosi wanapanga kucheza. Dolatbai aliisoma barua hiyo akiwa amekaa barazani, akamwambia Bi Zamda kwamba itabidi aende. Alilisema kama mtu anavyosema itabidi anunue chumvi.

Pasi yake ilikuwa ya Kiingereza. Kwa kuwa wazazi wake wote wawili walizaliwa Kachi, kule India, wakati wa uhuru alitakiwa kuomba uraia, na muda wa kuomba ulimpita akiwa mezani. Akaandika Dar es Salaam kwenye ubalozi wa Waingereza. Majibu yakaja kwamba mwenye pasi kama yake huingia Uingereza kwa kibali kiitwacho vocha, na vocha hupewa mkuu wa familia. Mwanamke mwenye mume si mkuu wa familia. Mume wake yuko wapi?

Huku nako, aliyetaka kuhama nchi alitakiwa apate hati kwamba hadaiwi kodi, la sivyo hauziwi tiketi. Akaenda ofisi ya kodi. Aliyempokea alikuwa kijana wa Ndala jina lake Raymundi, mwenye shati jeupe na adabu nyingi. Alimwamkia shikamoo, akamtolea kiti, akatafuta jina lake kwenye makabati yote mawili. Hakulipata. Alilipata la Akbar, mchuuzi wa vitambaa, faili jembamba lililoishia mwaka 1957. Raymundi akaeleza kwa upole kwamba kisheria mapato ya mke huhesabiwa kuwa ya mume, kwa hiyo faili la Dolatbai ni hili hapa, na mwenye kulijibu ni Akbar. Mume wake yuko wapi?

Dolatbai alisema hajui. Raymundi akauliza kama kuna talaka, au hati ya mahakama ya kutengana, au cheti cha kifo. Hakuna. Basi, akasema Raymundi, kwa karatasi zilizopo, yeye na mumewe bado wanaishi pamoja. Alilisema hilo kisha akaona haya, akaanza kupanga kalamu zake.

Ni Raymundi huyo huyo aliyemwambia aende mahakamani. Sheria ya ndoa iliyotungwa mwaka uliotangulia iliruhusu mtu ambaye hakusikika kwa miaka mitano achukuliwe kuwa amekufa. Dolatbai akapeleka maombi. Tangazo likawekwa gazetini, siku zikapita, hakuna aliyejitokeza. Siku ya shauri Bi Zamda alitoa ushahidi kwamba tangu mwanamke huyu aingie nyumbani kwake hajawahi kumwona mwanamume wala barua ya mwanamume.

Hakimu alimtazama Dolatbai. "Wewe mwenyewe unaamini amekufa?"

"Sijui, mheshimiwa. Siku nyingi sijajiuliza."

Hakimu akaandika. Walipotoka nje Bi Zamda, ambaye alikuwa mwanamke wa dini, alimkumbusha habari ya eda. Dolatbai akamwambia kwamba eda yake ameikaa miaka kumi na minne, na kama imezidi, hiyo iliyozidi wampe maskini. Wakanunua ndizi, wakarudi Isevya.

Sasa alikuwa mjane, mkuu wa familia yake mwenyewe, na faili lilikuwa lake. Raymundi alimfungulia jipya, akaandika jina, akafika mahali pa kuandika kazi.

"Umekuwa ukiishi kwa nini, mama?"

"Kwa karata."

Raymundi hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyepata njia. Akasema hilo ni jepesi. Mtu akishinda kwenye mchezo wa bahati ni sawa na aliyeokota njiani. Hayo si mapato, wala hayakatwi kodi. Ataandika hana mapato na hadaiwi kitu, na hati itatoka juma hili.

"Si bahati," akasema Dolatbai.

"Vipi?"

"Bahati wanayo wale wanaopoteza. Ndiyo inayowarudisha mezani. Mimi nilikuwa nafanya kazi."

Raymundi aliweka kalamu chini, akainuka akafunga mlango. Aliporudi alimwita ndugu badala ya mama, kama watumishi wa Serikali walivyokuwa wakiitana siku zile, na Dolatbai akajua kwamba sasa anazungumza na ofisi. Akamweleza. Kama ni kazi, basi ni mapato ya miaka yote hiyo ambayo hayakutajwa hata mara moja, na itabidi yakadiriwe, yatozwe kodi na faini juu yake. Isitoshe, kazi ya kamari bila leseni ni kosa, na faili likisomwa na mtu mwingine, polisi watataka kujua alicheza wapi na akina nani. Waliohama wamehama, lakini wako ambao bado wapo hapa. Kama ni bahati, hakuna lolote.

"Mimi nitaandika utakalosema," akamaliza. "Kwa hiyo usiseme leo. Nenda nyumbani."

Bi Zamda aliposikia alishangaa kwamba kuna la kufikiri. Aseme bahati, achukue hati, aende zake. Dolatbai akakubali kwamba ndivyo ilivyo. Hata hivyo alikaa siku tatu bila kwenda. Alifua, akapanga sanduku, akapangua. Bi Zamda alimsikia akisema peke yake kwa Kikachi, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Hakuwa na mtoto, hakuwa na nyumba, jamaa walimtoa katika hesabu yao, mumewe alikuwa maiti wa mahakama. Kitu kimoja tu alikuwa akikijua vizuri kuliko watu wengine wote mjini, na alikuwa ameambiwa aseme kwamba alikiokota.

Siku ya nne akaenda. Raymundi alimwamkia tena.

"Bahati," akasema Dolatbai kabla hajakaa.

Raymundi akaandika kwamba mwombaji hana mapato yanayostahili kodi, akagonga mhuri. Dolatbai akaisoma hati mara mbili, akamshukuru, akaitia mkobani. Karibu na soko alijikuta amesimama ameshika nguzo ya duka la mtu. Mwenye duka akamwuliza kama anaumwa. Akasema ni jua. Mawingu yalikuwa yametanda mji mzima.

Vocha ilifika mwezi wa tano. Ndio mwezi ambao watu walianza kumiminika Kigoma wakikimbia machafuko ya Burundi, na baadhi yao walipanda treni wakaja mpaka huku. Asubuhi moja Bi Zamda alikuwa akipeta mchele uani, akaona mzee wa Kihindi amesimama mlangoni na mfuko wa nguo, ndevu nyeupe, viatu visivyofanana. Mzee akauliza kama Dolatbai anaishi hapa. Sokoni walimwambia anaishi hapa.

Bi Zamda hakuhitaji kuambiwa ni nani. Alimwita Dolatbai, kisha akaendelea kupeta mchele ambao ulikuwa umekwisha kuwa safi.

Dolatbai alitoka, akamtazama Akbar, akarudi ndani. Bi Zamda akadhani amekwenda kulia. Alirudi na beseni la maji na taulo, akaviweka mbele yake, akaenda kupika chapati. Akbar alinawa, akala, akaomba maji zaidi. Baada ya hapo akasimulia, na alisimulia kwa kifupi. Usumbura alipata duka, akapata mwanamke, wakazaa watoto wawili. Aliona haya kuandika, na kila mwaka haya ikawa kubwa zaidi. Machafuko yalipoanza, mwanamke aliwachukua watoto akavuka nao kwenda kwao Uvira, upande wa Kongo, naye wakapotezana. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Dolatbai naye akamweleza lake: mahakama, hati, vocha, tiketi ya treni ya juma lile. Alilieleza kwa mpango, kama anavyomweleza mgeni sheria za mchezo kabla ya kugawa. Akbar alielewa upesi. Akionekana yu hai, ujane unafutika, hati ya kodi inarudi kwenye faili lake, na vocha haina mwenyewe.

"Nikae kimya, basi?" akauliza.

"Kaa unavyotaka. Ulikaa kimya miaka yote hiyo bila kuniuliza."

Hayo ndiyo maneno makali pekee aliyomwambia. Aliyasema bila kupaza sauti, na baada ya hapo akamwuliza kama chapati zimetosha.

Akbar alilala barazani siku zile. Siku moja, jua likiwa linapungua, Raymundi alipita Isevya na baiskeli akasimama kuwaamkia. Alimwona mzee, akamwamkia naye. Bi Zamda akasema ni mgeni, ametoka upande wa Kigoma kwa ajili ya yale machafuko, jambo ambalo lilikuwa kweli. Raymundi alimtazama mzee, akamtazama Dolatbai aliyekuwa akikunja nguo. Akasema poleni na wageni, akapanda baiskeli yake. Kama alijua, alilijua peke yake mpaka alipohamishiwa Shinyanga.

Jioni ya mwisho Akbar alimwuliza mkewe alikuwa akiishi kwa nini muda wote huo. Dolatbai akamwambia. Akbar alicheka kidogo, kwani ni yeye aliyemfunza rami mwaka walipooana, wakichezea kunde. Akaomba wacheze mkono mmoja. Karata zilikuwa pale pale juu ya sanduku.

"Sichezi na mtu asiye na cha kupoteza," akasema Dolatbai.

Akbar akarudi barazani. Baadaye Bi Zamda alimwona Dolatbai amesimama mlangoni akimtazama mzee aliyekuwa akisinzia, kwa muda mrefu, kama anavyotazama mtu picha ya mahali alipowahi kufika na hakumbuki lini.

Benki ilimruhusu kubadilisha pauni chache tu. Alizokuwa amezihifadhi zilikuwa zaidi ya hizo, na sheria haikuruhusu zitoke nje ya nchi. Wengi walizishona kwenye pindo au kuzificha ndani ya achari. Dolatbai hakutaka. Alikuwa ameishi kwa kuzisoma nyuso za watu wenye kitu cha kuficha, na hakupenda kuwa na uso huo mbele ya askari wa forodha. Pesa zote alimkabidhi Bi Zamda: kodi ya chumba, chakula cha mzee, na zitakazobaki aezekee paa. Marehemu hadaiwi kodi ya Serikali, akasema, kwa hiyo hapo hakuna atakayewasumbua. Bi Zamda alimtazama kuona kama ametania. Hakuonyesha dalili.

Stesheni walikwenda watatu. Treni ilichelewa, wakakaa juu ya sanduku. Ilipofika, Dolatbai alimkumbatia Bi Zamda. Akbar alimpa mkono, kama anavyopewa mkono mtu wa kufahamiana naye dukani. Akapanda, akapata nafasi dirishani upande wa pili, ule usiotazama watu.

Lesta haikuwa na meza. Parvin alimpokea vizuri, lakini wale wanawake sita, saba walikuwa wamecheza Jumamosi chache tu za mwanzo. Wote sasa walifanya kazi viwandani, na Jumamosi walifua nguo na kulala. Dolatbai naye aliandikwa kazi kiwanda cha soksi, kufungasha. Kodi yake ilikatwa kabla mshahara haujamfikia mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na namba yake mwenyewe serikalini. Siku moja Parvin alimwambia amesikia kwamba kule anayeshinda karata hakatwi kodi, awe anacheza kwa kazi au kwa bahati, hakuna anayemwuliza. Dolatbai akasema vizuri. Wakaendelea kungoja basi.

Akbar aliishi Isevya miaka minne. Mchana alikaa Kanyenye chini ya kibaraza cha duka la ushirika akitengeneza miavuli. Isevya nzima ilijua habari yake, wakamwita Marehemu, kwanza kisogoni, baadaye usoni, naye akaitika. Alikufa mwaka 1976 kwa homa ya mapafu. Walimzika, na kwa kuwa mahakama ilikwisha kumzika zamani, hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo.

Bi Zamda alikuwa amejifunza kusoma na kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo aliandika barua mwenyewe, kwa herufi kubwa. Jibu la Dolatbai lilikuja fupi. Alituma pesa ya hitima, akauliza kama paa limeezekwa, akawasalimu wote.

Mwezi uliofuata ikaja barua nyingine, ambayo Bi Zamda hakuitarajia. Dolatbai aliuliza kama mzee alikuwa akitia sukari nyingi kwenye chai. Bi Zamda akajibu kwamba nyingi sana. Ikaja nyingine, akiuliza alianza kukohoa lini, na nani alimpelekea maji siku za mwisho. Kisha nyingine: alizungumza nini asubuhi, kama alikuwa akiwataja watoto wake, kile chumba alikipanga vipi, kitanda alikiweka upande gani. Karibu mwaka mzima barua zilikuja, kila moja na maswali yake, na Bi Zamda alikaa barazani na kalamu, akayajibu yote kadiri alivyokumbuka. Pale asipokumbuka, aliandika kwamba hakumbuki.